HONGO: USHURU WA WATEMI, NA MAANA YAKE KWETU LEO

Ndugu wanachama, katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka 10 ya Chama chetu Kikuu yamo mengi ya kufurahisha: habari za maghala, za mazao, na za watu waliojitolea ili chama kisimame. Sisi tumepewa kazi iliyo tofauti kidogo na hizo. Tumetakiwa tueleze neno moja la zamani, ambalo babu zetu walilitamka hadharani bila haya, na ambalo sisi leo twalinong'ona. Neno hilo ni hongo.

Huenda mtu akashangaa kulikuta neno kama hili katika kitabu cha sherehe. Lakini kila msimu wa mauzo mwanachama aliyekwisha kupima magunia yake huitazama karatasi ya malipo, huona makato haya na yale, kisha huuliza, pengine kwa mzaha na pengine kwa uchungu: "Na hii nayo ni hongo ya nani?" Swali hilo si la kupuuzwa. Lastahili jibu, na jibu lenyewe twaliona limo ndani ya historia ya neno. Maana nchi hii ya kati tunayoilima ilikuwa njia kuu ya misafara ya kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, na katika njia hiyo hongo haikuwa aibu ya mtu yeyote. Ilikuwa haki ya watemi, nao walikuwa ndio wafalme wa bara.

NENO NA MAANA YAKE

Kitenzi chenyewe ni kuhonga, na hongo ni kile kinachotolewa na mwenye kuhonga. Kamusi za Kiswahili za zamani zaziweka maana mbili pamoja. Maana ya kwanza ni kumpa mtawala mali ili msafiri aruhusiwe kupita katika nchi yake. Maana ya pili ni kumpa mtu kitu kwa siri ili apotoshe haki au atende upendeleo. Kwa watu wa leo maana ya pili ndiyo iliyobaki, na ile ya kwanza imesahauliwa kabisa na vijana. Mwenye kusema "hongo" sasa husema rushwa, wala hakuna anayemwelewa vingine.

Yafaa tulitenge neno hili na jirani yake, yaani ushuru. Ushuru ni neno lililotoka katika Kiarabu, na shina lake ni hesabu ya kumi. Maana yake ya asili ni sehemu moja katika kumi. Katika mwambao ushuru ulitozwa forodhani kwa jina la Sultani wa Unguja, na kiwango chake kilijulikana. Mwaka 1833 Seyyid Said alifanya mapatano na Marekani, ikaandikwa kwamba bidhaa zao zitatozwa asilimia 5 zinapoingizwa. Mfanyabiashara aliyeleta marobota yake Unguja aliweza kupiga hesabu kabla hajapakua.

Lakini mkono wa forodha ulikoma karibu na pwani. Aliyetoka Bagamoyo na mizigo yake na kuvuka Mto Kingani alikuwa ameanza kuingia katika nchi za watu wengine, kila nchi na mwenyewe. Huko hapakuwa na karani wala kitabu, ila palikuwa na mtawala mwenye haki zake. Katika nchi nyingi za bara tembo akiuawa, jino lililoigusa ardhi anapoanguka lilikuwa la mtawala, kwa kuwa ardhi ni yake. Na mgeni akipita na mali katika nchi hiyo, ilimpasa atoe hongo. Basi hongo ilikuwa ndiyo ushuru wa bara, isipokuwa kwamba kiwango chake hakikuandikwa, kilizungumzwa.

NJIA YA UGOGO

Hapana mahali ambapo neno hili lilisikika zaidi kuliko Ugogo. Sababu yake ni nchi yenyewe. Upande wa mashariki msafiri alikuta Marenga Mkali, nyika ambayo jina lake lasema juu ya maji yake machungu, akapita humo bila kupata maji ya kutosha. Upande wa magharibi alingojewa na Mgunda Mkali, pori refu lenye miiba na jua, ambamo siku zile watu walikuwa haba. Katikati ya nyika hizo mbili walikaa Wagogo, wafugaji wa ng'ombe na wakulima wa mtama na uwele, wenye visima na mabwawa. Asiyenunua chakula Ugogo hakuwa na la kubeba kuingia Mgunda Mkali, na asiyepata maji Ugogo hakuwa na haja ya kuulizia njia ya Tabora.

Nayo misafara haikuwa midogo. Msafara mmoja uliweza kuwa na watu mamia, na mara nyingine ilikutana ikawa zaidi. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba nguo, shanga na masango ya shaba kwenda bara, na pembe za ndovu kurudi pwani. Na hatuwezi kuficha kwamba katika misafara hiyo walipitishwa pia watumwa, waliotembea njia ile ile bila kupenda. Safari ilikuwa ndefu. Burton na Speke waliondoka pwani mwishoni mwa mwezi Juni 1857, wakafika Kaze, iliyo karibu na Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Yaani siku 134 barabarani.

Sasa yatupasa tujiulize kama wakulima: watu mamia wakishuka kwenye bwawa moja katika kiangazi, na wenyeji wana ng'ombe wao na watoto wao, nani atawanywesha bure? Mwenyeji wa Ugogo aliyatunza maji yake kwa jasho. Visima vilichimbwa na kufukuliwa kwa mikono. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Lakini mgeni wa namna hii, asiyetoa kitu, angemwacha mwenyeji na tope. Hongo ilikuwa, kwa sehemu kubwa, bei ya maji, ya usalama, na ya ruhusa ya kununua chakula.

JINSI ILIVYOTOLEWA

Habari za wasafiri walioandika, ingawa wengi wao walilalamika, zatuonyesha jinsi jambo lilivyokwenda. Msafara ulipofika ulipiga kambi, mara nyingi chini ya mbuyu, na kujizungushia boma la miiba. Kisha wajumbe walikwenda kwenye tembe la mtemi kumwarifu nani amekuja, anakwenda wapi, na ana watu wangapi. Mtemi alitaja anachokitaka, na msafara ulitaja unachoweza. Hapo mazungumzo yalianza, nayo yaliweza kuchukua siku moja, au mbili, au zaidi.

Malipo yalihesabiwa kwa nguo. Kipimo kilikuwa mkono, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono minne ilikuwa shuka moja, na shuka mbili zilikuwa doti, karibu yadi 4. Nguo iliyopendwa sana ilikuwa merikani, kitambaa cheupe kisichotiwa rangi, kilichopata jina lake kwa kuwa kilitoka Marekani. Ilikuwapo pia kaniki, nguo nyeusi ya samawati, na nguo za rangi za thamani ambazo mtemi alizitaka kwa ajili yake mwenyewe. Shanga nazo zilikuwa na majina na bei zake, na kila nchi ilikuwa na aina iliyopendelewa huko.

Mambo mawili katika desturi hii yatupasa kuyaangalia sana. La kwanza ni kwamba ilifanyika mbele ya watu. Kuhonga hakukuwa kumvuta mtu pembeni. Wajumbe walijulikana, nguo zilikunjuliwa na kupimwa, na wazee wa mtemi walikuwapo. Speke, aliyepita Uzinza na Usui mwaka 1861, aeleza katika kitabu cha safari yake kwamba mtawala akiisha kuridhika ngoma zilipigwa. Ngoma hiyo ilikuwa ndiyo stakabadhi. Kila aliyeisikia, kijijini na kambini, alijua kwamba deni limelipwa na wageni wamo katika amani ya mtawala.

La pili ni kwamba wasafiri wadogo walijifunza kuungana. Kabla ya kuingia Marenga Mkali misafara ilingojana pande za Mpwapwa na Chunyo, ikaingia Ugogo pamoja. Stanley alifanya hivyo mwaka 1871. Aliyekuwa peke yake na mizigo michache hakuwa na nguvu ya kuzungumza; waliofika wakiwa wengi walisikilizwa. Sisi tulio katika ushirika hatuhitaji kuelezwa zaidi jambo hilo. Mkulima mwenye magunia matatu mbele ya mnunuzi ni kama yule msafiri wa peke yake.

HONGO NA ENZI

Wako waliodhani kwamba hongo ilikuwa unyang'anyi tu wa watu wasiojua serikali. Twaona walikosea. Hongo ilikuwa alama ya enzi: anayeipokea ndiye mwenye nchi, na anayekataa kuitoa amekataa kumtambua. Ndiyo sababu vita vikubwa vya nchi ya kati katika karne ya 19 vilihusiana nayo.

Mfano wa kwanza ni Unyanyembe. Waarabu na watu wa pwani walikuwa wamejenga na kukaa karibu na Tabora tangu miaka ya 1850. Mtemi Mnywasele, ambaye wageni waliliandika jina lake Manua Sera, alipotawala alitaka bidhaa zinazoingia katika nchi yake zitozwe. Wafanyabiashara walikataa. Badala ya kuzungumza walichukua bunduki, wakamwondoa, wakamweka mtemi mwingine, Mkasiwa. Mnywasele alipigana nao kwa miaka, akitangatanga porini, mpaka akauawa mwaka 1865.

Mfano wa pili ni Mirambo. Mtemi huyu aliijenga dola yake Urambo, magharibi ya Tabora, mahali ambapo njia ya Ujiji ilipita. Mwaka 1871 aliifunga njia ile, na vita vikazuka baina yake na Waarabu wa Tabora. Stanley mwenyewe aliingia vitani upande wa Waarabu, wakashindwa. Tangu hapo hakuna aliyekuwa na shaka kwamba anayepita nchi ya Mirambo hupita kwa idhini ya Mirambo. Alitawala hivyo mpaka alipokufa mwaka 1884.

UBAYA ULIOKUWAMO

Hata hivyo, hatutaki kuwapaka wazee wa zamani rangi ya malaika. Hongo ilikuwa na ubaya wake, na aliye mkweli lazima auseme.

Kwanza, kwa kuwa kiwango hakikuandikwa, mtu mwenye tamaa aliweza kukipandisha. Ugogo haikuwa na mtawala mmoja. Palikuwa na watemi wengi wa nchi ndogo ndogo, na msafara uliokwisha kulipa hapa ulilipa tena mbele ya safari. Pengine mtemi aliisha kuridhika, kisha akatokea mkubwa mwingine na fungu lake. Mtu alidhani amemaliza, kumbe ndiyo kwanza anaanza.

Pili, gharama ya ucheleweshaji haikumwangukia mwenye mali peke yake. Mazungumzo yalipoendelea siku tatu, posho ya wapagazi iliendelea kupungua. Tajiri alipoteza nguo. Mpagazi alipoteza nguvu za mwili wake. Kila mara wakubwa wawili wanapovutana juu ya fungu, wa chini ndiye ashindaye na njaa.

Tatu, hongo ikizidi watu huitafutia njia ya kuikwepa. Mwishoni mwa mwaka 1871 Stanley alipita Buha akielekea Ujiji. Alikuwa amekwisha kutoa nguo nyingi kwa mtawala mmoja, akaambiwa kwamba mbele wako wengine wanaomngojea. Basi akanunua chakula cha siku kadhaa, akaondoka usiku na watu wake kimya kimya, akapita porini mpaka akavuka mpaka. Wale watawala wa mbele hawakupata hata shuka moja. Tamaa ya wa kwanza ilikuwa imekula fungu la wote.

Hilo ni fundisho la kale lisilochakaa. Makato yakipita kiasi, mkulima naye atayapitisha mazao yake usiku.

JINSI NENO LILIVYOANGUKA

Basi neno hili lilipotezaje heshima yake? Twaona halikuanguka siku moja, wala halikuangushwa na mtu mmoja.

Kwanza iliangushwa enzi iliyolibeba. Mwaka 1890 Carl Peters alipita Ugogo akirudi kutoka Uganda. Alipotakiwa hongo, alijibu kwa risasi na kuchoma vijiji, na habari hizo aliziandika mwenyewe kwa kujivuna. Mwezi Januari 1893 Wajerumani waliliteka boma la Mtemi Isike wa Unyanyembe, naye akajilipua kwa baruti kuliko kutekwa akiwa hai. Walioshinda hawakukubali mtu mwingine atoze chochote njiani. Lakini kutozwa hakukukoma. Aliyetoza ndiye aliyebadilika. Mwaka 1898 serikali ya Kijerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba, na mkulima wa kawaida alitakiwa rupia 3 kwa nyumba yake. Zamani mgeni alimlipa mwenyeji ili apite. Sasa mwenyeji alimlipa mgeni ili akae nyumbani kwake.

Kisha njia yenyewe ilihama. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mizigo iliyopita juu ya vichwa vya wapagazi sasa ilipita ndani ya mabehewa, wala gari moshi haliombi maji kwa mtemi. Huduma ambayo hongo ilikuwa bei yake haikuwapo tena.

Mwisho walikuja Waingereza, nao waliwarudishia watemi kazi lakini kwa namna nyingine. Baada ya mwaka 1926, chini ya Gavana Cameron, zile haki za kale ambazo watu walimpa mtemi kwa vyakula, mifugo au kazi zilibadilishwa kuwa fedha, zikaunganishwa na kodi, zikaingizwa katika hazina za wenyeji. Mtemi akalipwa mshahara. Angalieni jinsi jambo hili lilivyogeuza maana ya zawadi. Zamani aliyempelekea mtemi nguo alikuwa analipa deni lililojulikana. Sasa deni hilo limekwisha kulipwa kwa kodi, na mtemi ana mshahara wake. Aliyempelekea nguo baada ya hapo alikuwa anatafuta nini? Alitafuta kesi igeuzwe, au shamba la mwenziwe liwe lake, au jina lake lirukwe katika orodha. Mkono ulikuwa ule ule na nguo ile ile, lakini tendo lilikuwa jingine. Utawala wa machifu ulikomeshwa kwa sheria mwaka 1963, nalo neno likabaki bila mwenyewe, likiwa na maana yake mbaya tu.

Iko methali ya Kiswahili inayotuonyesha mageuzi hayo wazi kabisa: Penye udhia penyeza rupia. Mwenye kuisikia ajue kwamba ni methali ya siku za rupia, fedha iliyotumika hapa mpaka shilingi ilipoletwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Tena aliangalie neno kupenyeza. Kupenyeza ni kupitisha kitu mahali pembamba, kisionekane. Doti za merikani hazikupenyezwa. Zilikunjuliwa juani zikapimwa kwa mkono, na ngoma ikapigwa. Rupia iliingia kiganjani bila sauti. Hapo ndipo hongo ilipozaliwa mara ya pili, na safari hii ikawa mwana haramu.

SISI NA MAKATO YETU

Sasa turudi kwa mwanachama wetu na karatasi yake ya malipo. Je, makato aliyoyaona ni hongo? Jibu letu ni hili: yategemea kama ngoma imepigwa.

Ile hongo ya heshima ilikuwa na mambo manne. Ilitolewa hadharani. Kiasi chake kilipatanwa na pande zote mbili. Ilipimwa kwa kipimo kinachojulikana. Na ilikuwa malipo ya kitu kilichopatikana kweli: maji, chakula, amani ya njia. Ondoa lolote katika hayo manne, nayo huanza kunuka. Yaondoe yote, ndipo utapata hongo ya leo.

Makato ya ushirika yapimwe kwa mizani hiyo hiyo. Mkutano mkuu umekaa na kukubali kiasi gani kikatwe kwa kilo? Kiasi hicho kimebandikwa ukutani pa ghala mahali ambapo hata mgeni atakisoma? Mizani imekaguliwa, na mwanachama amesimama mahali pa kuiona? Na kilichokatwa kimeonekana wapi: ghala halivuji, magunia yamefika kwa wakati, karani amelipwa, mnada umeleta bei ambayo mtu peke yake asingeipata? Kama majibu ni ndiyo, mwanachama hana haja ya kuyaita makato hayo hongo. Ni bei ya kisima ambacho yeye mwenyewe amekichimba.

Na ushuru wa mazao unaokwenda halmashauri nao ni jambo jingine, wala usichanganywe na makato ya chama. Huo huwekwa kwa sheria. Mwaka 2017 ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Mwanachama ana haki ya kuona kila jina na kila kiasi katika mstari wake, asije akaulaumu ushirika kwa kilichochukuliwa na mwingine, wala ushirika usijifiche nyuma ya jina la halmashauri.

Twasema haya kwa kuwa ushirika katika nchi yetu ulizaliwa katika kupigania kipimo cha haki. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda umoja wao mwaka 1925, uliotangulia chama kikuu cha KNCU cha mwaka 1933. Katika Jimbo la Ziwa wakulima wa pamba, ambao Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wao, waliungana katika miaka ya 1950 kwa kuwa wamechoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Walitaka mwenzao asimame pale akiitazama. Hawakutaka zaidi ya hapo, na hapo palitosha kujenga vyama vikubwa.

Lakini yatupasa kukumbuka pia kilichofuata. Mwaka 1966 iliundwa kamati maalum ya kuchunguza ushirika, baada ya malalamiko mengi ya wakulima, nayo ilikuta udhaifu wa usimamizi na ukosefu wa uaminifu katika vyama kadhaa, na wanachama ambao hawakuelimishwa vya kutosha juu ya mali yao. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa, mpaka sheria ya mwaka 1982 ilipofungua mlango tena. Sababu za kuvunjwa zilikuwa nyingi, na za kisiasa pia zilikuwamo. Lakini chama ambacho wanachama wake wameacha kukiamini hakipati wa kukitetea siku ya kuvunjwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na chama bila imani huzikwa bila matanga.

Kwa ndugu zetu viongozi, makarani na wapima mizani, tuna neno moja la upole. Ninyi ni watu wa posho na mshahara, kama yule mtemi wa baada ya 1926. Kazi yenu imekwisha kulipiwa na kila gunia lililopita mbele yenu. Mkulima akikuleteeni kuku ili gunia lake litangulie, hajakupeni heshima ya kitemi. Amekuuzieni nafasi ya mwenziwe aliyeko nyuma katika foleni. Na mnunuzi akipenyeza bahasha ili bei ya mnada ishuke shilingi chache tu, hesabuni shilingi hizo mara kilo zote za ghala, mjue ni nyumba ngapi zimelipa bahasha ile.

Kwa ndugu zetu wanachama tuna neno pia. Hongo ina mikono miwili. Anayelalamika kwamba karani amekula, na yeye ndiye aliyempikia, hana budi kujitazama. Njooni mkutanoni, ulizeni hesabu mkiwa wengi kama misafara ilivyongojana Chunyo, wala msiulizie pembezoni mwa kilabu baada ya mkutano kufungwa. Swali lililoulizwa mbele ya watu hujibiwa mbele ya watu.

Miaka 10 si mingi katika umri wa chama, lakini yatosha kuonyesha tabia yake. Katika mkutano mkuu ujao hesabu za mwaka zitasomwa, na makato ya msimu mpya yatawekwa mbele yetu ili tuyakubali au tuyakatae. Tunaomba yasomwe kwa sauti, mstari kwa mstari, mpaka na aliyekaa nyuma kabisa ayasikie. Hiyo ndiyo itakuwa ngoma yetu.